Kipande Nilichokizika

Katika mtaa wetu mjini Kasongo, mwanamke wa Kiislamu akifariki, mimi ndiye ninayeitwa kumuosha. Kazi hii nilifundishwa na shangazi yangu, ambaye ndiye pia aliyenifundisha kusoma. Siku ambazo hakuna msiba ninasomesha wasichana katika chuo cha dini, herufi kwa herufi, kama alivyonisomesha yeye. Naanza na hilo kwa sababu msomaji asipolijua hataelewa jinsi mtu mwenye akili zake timamu alivyoweza kufanya kosa nililolifanya mimi, kosa ambalo nusura mke mwenzangu alilipie yeye.

Mume wetu alikwisha kufariki. Alituacha wawili, mimi mkubwa na yeye mdogo, katika kiwanja kimoja chenye nyumba mbili zinazotazamana. Majirani walingoja tugombane, na kweli tuligombana, juu ya kuku, juu ya kuni, juu ya nani aliyezidisha chumvi kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, lakini hakuna aliyehama. Yeye ananiita yaya, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Mimi namwita mudogo wangu.

Siku moja tulikuwa tunatwanga mpunga kwa zamu. Nikaona anashika mchi kwa mkono mmoja, ule wa kulia tu.

"Mukono wa kushoto umeenda safari?" nikamuuliza.

"Uko na jipu ku kwapa. Litapasuka lenyewe."

"Nionyeshe."

"Yaya, mimi sijafa bado. Ngoja zamu yangu ifike, utaniangalia vizuri, hakuna atakayekukataza."

Alisema kwa mzaha na akacheka, lakini mimi sikucheka. Muosha maiti huona mambo ambayo hata mume hayaoni. Katika miaka yangu nimeinua shuka na kukuta titi lililoingia ndani kama limevutwa kwa uzi, titi lililofungwa matambara kuficha harufu, titi ambalo halipo tena, mahali pake pana kidonda. Wanawake hao niliwajua. Nilikuwa nao sokoni, nilikuwa nao harusini, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kitu. Sheria ya kazi yetu ni sitara: ulichokiona juu ya kitanda cha kuoshea kinabaki hapo. Sikuwahi kukitamka, hata kwake tuliyekaa naye uwanja mmoja.

Siku ile nilikitamka. Niliweka mchi chini nikamwambia, bila jina la mtu: "Nimeosha wenye majipu kama hilo lako. Wote walisema litapasuka lenyewe."

Aliwatazama kuku wakiokota mchele miguuni petu. Kisha akaingia nyumbani kwake, nami nikamfuata, akafungua kitenge. Upande wa kushoto ngozi ilikuwa imekunjamana kama ganda la chungwa. Nikagusa. Ndani palikuwa na kitu kigumu kama kokwa ya mchikichi, na kwapani kingine kidogo.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mfungo."

Jumatatu yake tulikwenda hospitali. Daktari alikuwa mtu wa upande wa Katanga, Mkristo, mpole, aliyezungumza Kiswahili cha darasani kilichonyooka kama mstari wa daftari. Alimpima, akamdunga sindano ya ganzi, akamkata kipande kidogo, kama punje ya haragwe, akakitia katika kopo la plastiki lenye maji yanayowasha pua. Hapa kwetu kila mgonjwa hubeba vitu vyake mwenyewe, karatasi zake, sindano zake, hata picha za mifupa yake. Kwa hiyo hatukushangaa alipotukabidhi kopo.

"Mama," akaniambia, "hiki kitu mkihifadhi vizuri sana. Kisije kikaharibika, wala mnyama asikiguse. Kesho saa mbili mnione tumalize kazi."

Muuguzi wake akaongeza: "Na kopo musipoteze, tuko nayo machache."

Sasa naomba msomaji asikilize neno hilo kwa masikio ya mtu wa kazi yangu. Kwetu, tukirudi kutoka makaburini na mtu akauliza, tunajibu, "Tumekwisha kumhifadhi." Hatupendi kutamka kuzika mbele ya wafiwa. Tena tangu utoto nimefundishwa kwamba kinachotoka mwilini mwa mwanadamu, kitovu cha mtoto, jino, nyama iliyokatwa, hakitupwi. Kinarudishwa ardhini kwa heshima. Nikafurahi moyoni kumsikia Mkristo akituheshimu namna ile.

Nikafanya kazi vizuri. Nilikitoa kipande katika maji yale makali, nikakiosha mara tatu, nikakipaka kafuri kidogo, nikakifunga katika kitambaa cheupe kilichobaki kwenye sanduku langu, nikachimba nyuma ya nyumba nikakizika. Mke mwenzangu alikaa kwenye kigoda akinitazama, bandeji kifuani.

"Yaya, leo umeanza mapema," alisema. "Umeosha kipande. Kilichobaki utakiosha siku gani?"

"Nyamaza. Sema amina."

"Amina."

Kopo nalo nikalisugua kwa mchanga na sabuni mpaka harufu ikaisha.

Kesho yake saa mbili tulikuwa mlangoni kwa daktari. Juu ya meza yake palikuwa na sanduku jeupe la kubebea vitu vya maabara, limefunguliwa.

"Mmekihifadhi vizuri?"

"Vizuri sana, munganga. Na kopo lenu hili hapa."

Alilipokea, akalitazama, akaligeuza juu chini.

"Mama, mbona tupu?"

"Nimeliosha."

"Na kipande?"

"Si tumekihifadhi."

"Ndiyo. Wapi?"

"Nyuma ya nyumba, pamoja na vitovu vya watoto. Kina kirefu, hata mbwa hafiki."

Yule mtu hakukasirika. Hilo namshukuru hadi leo. Aliketi, akaweka mikono miwili kichwani, akanitazama kama mtu anayetafuta neno katika lugha asiyoijua. Muuguzi alitoka nje, nikamsikia anacheka nyuma ya ukuta. Kisha daktari akasema taratibu: "Mama, kosa ni langu. Ningesema kutunza."

Tulikwenda sote watatu nyuma ya nyumba. Nilifukua kwa mkono wangu. Kitambaa kilikuwepo, na ndani yake sisimizi, na kilichobaki hakikuwa na faida kwa mtu yeyote. Daktari alikitazama akatikisa kichwa. Tulikifunika tena. Lile sanduku la hospitali likaondoka na ndege ndogo mchana huo bila kipande chetu.

Tuliporudi hospitali ndipo daktari alipotuketisha kwenye benchi akatueleza alichokuwa anakitafuta. Aligeuza karatasi akachora miduara.

"Mwili wa mtu ni chembe. Chembe moja ni ndogo, jicho haliioni. Zile za zamani zinakufa, mpya zinazaliwa, na kila moja inajua wakati wa kuacha kuzaana. Ugonjwa huu unaanza pale chembe moja inaposahau kuacha. Inazaa zinazosahau kama yenyewe."

"Nani ameisahaulisha?" mke mwenzangu akauliza. "Useme tu, munganga. Niko na mutu mumoja ninamushuku."

"Hakuna aliyekuroga, mama. Sababu nyingine tunazijua, nyingi bado zinatafutwa. Hata mwanaume unaweza kumshika."

"Mwanaume? Titi lako wewe liko wapi?"

Hata yeye alicheka. Kisha akachora kwenye ile miduara vitu vidogo kama vizingiti vya nyumba. Alisema katika damu ya mwanamke hutembea ujumbe, ule unaomkomaza msichana na kumtayarisha kunyonyesha. Wao wanauita homoni. Hata hedhi ikikoma, ujumbe huo haukatiki wote. Chembe nyingine za uvimbe zina milango ya kuupokea. Ujumbe ukiingia, chembe inaambiwa ongezeka, nayo inaongezeka. Kama uvimbe una milango hiyo, kuna kidonge kinachokwenda kukaa mlangoni, na ujumbe ukifika unakuta mahali pamekaliwa. Ni kidonge cha kawaida, hata Kasongo kinaweza kuletwa. Mgonjwa akishapasuliwa anakinywa kila siku kwa miaka.

"Na kama milango hakuna?" nikauliza.

"Basi kidonge ni kazi bure. Itabidi dawa nyingine, za kutiwa mshipani, na hizo ni Kinshasa."

Kinshasa kwetu hakuna barabara. Ni ndege, na malazi, na miezi. Tungeuza kiwanja chote na nyumba zote mbili na tusingefika katikati ya matibabu. Tulitazamana.

"Kwa macho siwezi kujua uko wa aina gani," daktari akaendelea. "Kwa mkono siwezi. Wanajua kwa kukikata kipande kama karatasi nyembamba na kukitia rangi. Sisi hatuna vyombo hivyo. Kuna kundi la utafiti linalopima bure wanawake wa mkoa wetu wa Maniema, na mwenzangu mmoja wa kundi hilo yuko Kabambare sasa hivi, anakusanya vya huko na vya Salamabila. Anaondoka keshokutwa asubuhi. Baada ya hapo hakuna sanduku jingine."

"Mpaka lini?"

"Hakuna jingine, mama. Fedha zimekwisha. Ng'ambo kuna watu wanaokaa mezani wakaamua ugonjwa gani uchunguzwe, na wapi. Wanatazama vitabu vya hospitali zetu. Vitabu vinasema huku wanawake wenye ugonjwa huu ni wachache. Wanajiuliza kwa nini watume fedha mahali pasipo na wagonjwa."

Nikawakumbuka wale niliowaosha.

Ilibaki kumwomba mke mwenzangu akubali kukatwa tena. Nilijua haki ya kumwomba sina, kwa sababu aliyemharibia ni mimi.

"Hapana," alisema kabla sijamaliza. "Mutanikata kila siku kidogo kidogo kama nyama ya soko?"

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Kukatwa ndiyo nimekataa."

Tulirudi nyumbani. Alipoketi kwenye kigoda chake ndipo alipotoa lililokuwa moyoni. Kisu hakikumtisha sana. Kilichomtisha ni kwamba daktari alisema kipande kikipimwa hakirudi; kinawekwa huko maabara ili wanaotafuta dawa waendelee kukichunguza. Kile cha kwanza angalau kilikuwa ardhini. Hiki kitakaa katika kabati la watu asiowajua, katika mji asioujua.

"Wewe ndiye uliyesoma," akaniambia. "Siku ya kufufuliwa nitakwenda kukitafuta kwa nani? Nitasema Maniema ao Ulaya?"

Swali hilo niliondoka nalo. Nilitawadha nikaswali, nikabaki juu ya mkeka. Miaka yote nimewafundisha wasichana wangu kwamba mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu, na nilidhani kuitunza amana ni kuirudisha ardhini nzima. Nikawafikiria watu wa machimbo ya Salamabila waliofunikwa na udongo wasipatikane, na waliochukuliwa na maji, na mama yangu mzazi ambaye sijui alipozikwa kwa sababu ya vita. Nimewaombea hawa wote kwa yakini. Sikuwahi hata siku moja kuogopa kwamba Aliyewaumba atashindwa kuwakusanya. Kwa nini basi nimwogopee ashindwe na kabati?

Nikatoka nikamwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba mwenye kujitibu hajaacha kumtegemea Mungu, na kwamba kama kipande kile kitamfundisha mtu dawa, na dawa ikamponya mwanamke ambaye hatutamjua, basi hiyo ni sadaka inayoendelea kuandikwa baada ya sisi sote wawili kuoshwa.

Alijifunga kitenge upya.

"Sawa. Lakini utakipeleka wewe, kwa mukono wako. Si motari na pikipiki yake, si mutu mwingine."

"Nitakipeleka."

"Hutakifungua."

"Sitakifungua."

"Hutakiosha."

"Mudogo wangu!"

"Na hutakisomea dua."

"Kusoma nitasoma, hilo hunikatazi."

"Basi usome ukiwa mbali nacho. Ile kafuri yako naijua."

Mchana huohuo daktari alimkata tena. Safari hii aliniandikia kwenye kopo kwa herufi kubwa: USIFUNGUE. Muuguzi akanikabidhi kwa mikono miwili akiuma midomo.

Jumatano baada ya swala ya alfajiri nilipanda pikipiki. Motari alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mkulima wa kijiji cha jirani, Mkristo anayekijua kila kisiki cha barabara ya Kabambare. Nilifunga kopo katika kanga, nikalifunga kifuani ndani ya baibui langu, nikamshika kiuno kwa kitambaa katikati, na Mungu anisamehe, tangu mume wangu afariki sikuwa nimemshika mwanaume yeyote.

"Mama mwalimu," alisema, "ukiona nakimbiza sana, unifinye."

"Na ukienda polepole?"

"Pale pia unifinye."

Ilikuwa kiangazi, barabara kavu, vumbi jekundu likatuingia mpaka menoni. Mahali penye daraja la miti nilishuka nikavuka kwa miguu nikilishika kopo kama mjamzito anavyoshika tumbo. Tulipofika Lusangi tulikula ndizi na karanga. Mgongo ulikuwa umekwisha kuwa wa mtu mwingine, lakini kifuani nilisikia kile kitu kikigonga taratibu, nikaendelea kusoma. Sikuwa mbali nacho. Nilisoma kimoyomoyo, nikaona hiyo itahesabika kuwa mbali.

Mbele ya Lusangi tulikuta kizuizi, mti umelazwa njiani, na wanaume wanne. Barabara ile inapitwa na watu wa dhahabu, na mtu akificha kitu kifuani huko kila mtu anajua ni nini. Mmoja wao alinitazama baibui lilivyotuna.

"Mama, umebeba nini?"

"Kitu cha lopitalo. Munganga amenituma."

"Watu wote wa Salamabila wanabeba vitu vya lopitalo. Toa."

Nilitoa. Akaona kopo, akalitikisa, akasikia kitu kinagonga. Macho yakamng'aa.

"Fungua."

"Imeandikwa usifungue."

"Nimesema fungua! Ni gramu ngapi?"

Aliushika mfuniko. Motari alianza kumwomba. Mimi niliona yale maji yakimwagika vumbini, na sanduku la mwisho likiondoka, na mke mwenzangu kwenye kigoda chake akiningoja. Hofu ikaniondoka, nikasema kwa sauti ile ninayosemea chuoni wasichana wakipiga kelele:

"Mwanangu, hilo ni titi la mke mwenzangu."

Mkono wake ukasimama. Aliniangalia, akaliangalia kopo, akaniangalia tena.

"Titi?"

"Titi. La mke mwenzangu. Alikatwa jana."

Sijui alifikiri mimi ni nani. Nadhani alifikiri ndiye niliyemkata. Alinirudishia kopo kwa ncha za vidole, akapangusa mkono kwenye suruali, na wenzake walikuwa wamekwisha kuinua mti.

"Pita, mama. Pita! Motari, washa!"

Motari hakugeuka nyuma mpaka tulipopanda kilima na kushuka upande wa pili. Hapo akazima pikipiki, akainamia usukani, akacheka mpaka machozi, nami nikacheka, nikiwa nimelikumbatia kopo. Lilikuwa halijafunguliwa.

Tuliingia Kabambare jua likiwa bado juu. Mtafiti alikuwa mwanamke, mtu wa makamo, mwenye miwani. Nilimkuta katika chumba cha kituo cha afya anapanga makopo ndani ya sanduku. Alipokea la kwetu, akasoma karatasi ya daktari, akaandika namba juu ya kopo, si jina, akalitia safuni pamoja na mengine. Nilikaa kwenye kiti bila kuombwa.

"Umetoka Kasongo na pikipiki kwa hiki kimoja?"

"Ndicho nilicho nacho. Cha kwanza nilikizika."

Ikabidi nimweleze, naye alicheka kwa adabu, mkono mdomoni. Kisha uso ukamrudi wa kazi. Aligonga mfuniko wa sanduku. "Ndilo la mwisho. Halijajaa hata."

Nikamuuliza kama ni kweli alivyosema daktari, kwamba vitabu ndivyo vilivyoifunga kazi.

"Kweli, mama. Mtu akiomba fedha za utafiti lazima aonyeshe ukubwa wa tatizo. Mimi ninaonyesha vitabu vya hospitali. Wagonjwa hawamo ndani yake. Ninaamini wapo, lakini kuamini kwangu si ushahidi."

Hapo ulinijia mzigo wa miaka yote. Nililijua jibu lake; wagonjwa wake walipita mikononi mwangu. Na nilikuwa nimeahidi kunyamaza, ahadi ya mbele ya Mungu, kwa ajili ya heshima yao. Nilikaa nikijiuliza: sitara niliyowapa ni ya nani? Nilifunika miili yao ili wasiaibike. Kama kufunika kwangu kunawafunika na walio hai, wasionekane, wasihesabiwe, wasitibiwe, je, wale marehemu wangeniambia niendelee?

Nikamwambia, "Mimi ninaosha maiti za wanawake."

Aliweka kalamu chini.

"Majina sitakupa. Wala mtaa, wala ukoo."

"Utafiti hauhitaji majina, mama."

Nikatoa tasbihi. Nikafumba macho, nikaanza na yule wa kwanza, wa zamani, niliyemuosha na shangazi yangu. Kila niliyemkumbuka nikasukuma punje moja. Wengine nilimwambia upande, kushoto au kulia, na hali ya kidonda, na kama alikuwa kijana au mzee. Sikutamka idadi. Nilipofumbua macho nilimwona anaangalia punje zilizosimama upande wa pili wa uzi, na nyuma ya miwani macho yalikuwa yamelowa.

"Katika miji mingine wako waosha kama wewe?" akauliza.

"Kila mahali penye watu wanaokufa, binti yangu."

Alifungua daftari jipya.

Nilirudi Kasongo na mgongo ulioniuma wiki mbili. Daktari hakungoja majibu kumpasua. Alisema upasuaji unahitajika kwa vyovyote, na akaliondoa titi na vile vya kwapani. Lile walituuliza tunataka lifanyiwe nini. Mke mwenzangu akajibu kwanza: "Hili kubwa mpeni yaya alihifadhi, maana yake anaijua." Nililihifadhi.

Kisha tukangoja. Wiki za kungoja nilijifunza subira upya, mimi ninayeifundisha. Alipona kidonda, akaanza kuinua mkono kidogo kidogo ukutani kama alivyoelekezwa, kila siku juu zaidi ya alama ya mkaa ya jana. Hatukutaja Kinshasa. Aliacha kunigombeza, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote.

Daktari alikuja mwenyewe nyumbani, siku ya soko, karatasi mkononi. Hakuketi.

"Milango iko," alisema.

"Iko?" nikauliza. "Ile ya kupokea ujumbe?"

"Ile ile. Mingi sana. Kidonge kitafanya kazi."

Mke mwenzangu akamwambia arudie, kwa Kiswahili chetu, polepole, kwa sababu kile cha darasani kilimponza mara moja na hataki tena. Daktari akarudia: "Mama, dawa yako iko hapahapa. Hauendi Kinshasa." Mudogo wangu akaenda jikoni akaleta maji, akapokea kidonge cha kwanza mbele yetu, akameza. Tukamwangalia.

"Kichungu?" nikamuuliza.

"Hakina ladha hata. Kitu kimenitesa namna hii, hakina hata ladha!"

Niliingia ndani nikasujudu.

Kundi la utafiti lilifunga kazi mwisho wa mwezi ule, kama walivyosema. Lakini yule mwanamke wa Kabambare hakulala. Amezunguka kwa waosha maiti, Waislamu na wale akina mama wa makanisani wanaotayarisha marehemu wao, akiuliza kama alivyoniuliza mimi, bila majina. Ameandika ombi jipya. Ametuma salamu kwamba wale wa mezani wamelisoma na wameuliza maswali mengi, na daktari anasema mtu asiyetaka kutoa hasumbuki kuuliza. Tunaomba dua. Mimi chuoni, somo likiisha, nawabakiza mama zao waliokuja kuwachukua, nawafundisha kujipapasa na kusema mapema. Wanaona haya, wanacheka, lakini wanabaki.

Mke mwenzangu ameingia mwaka wa tatu wa vidonge. Kila miezi mitatu tunakwenda kupimwa. Mwezi uliopita daktari alimpapasa upande uliobaki, akapapasa kwapa, shingo, akaminya tumbo, kisha akasema hajaona kitu.

"Umetafuta vizuri?" akamuuliza.

"Vizuri, mama."

"Tafuta tena. Tumetembea kutoka nyumbani na jua hili, tusirudi mapema."

Daktari akaosha mikono, akaanza upya kutoka shingoni. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi mlangoni, nimeshika viatu vya mudogo wangu. Daktari alitafuta muda mrefu kuliko mara ya kwanza, na hakuona kitu.